Hesabu za tungamo na ujazo wa udongo, hatua kwa hatua, kwa udongo wa Nyanda za Juu Kusini

Maswali ni yaleyale kila msimu wa mafunzo kwa vitendo unapoanza. "Unyevu umetoka asilimia 112, nimekosea wapi?" "Hewa imetoka namba hasi, niifute?" "Mkandarasi anataka kujua tripu ngapi za kifusi, naanzia wapi?" Wanaouliza ni wanafunzi waliopelekwa saiti, mafundi sanifu wapya wa maabara, na mara nyingine msimamizi aliyeachiwa daftari la mtu aliyehama. Haya ndiyo majibu yao, yamewekwa pamoja kwa mpangilio wa kazi yenyewe.

Mfano mkuu ni udongo mwekundu wa aina unayoikuta ukichimba kuzunguka Iringa na Mafinga. Baada ya hapo tutapanda Rungwe, kwenye udongo wa majivu ya volkano, kwa sababu huko hesabu ni zilezile ila vipimo vinadanganya. Namba zote za mifano ni za mazoezi. Usizinakili kwenye ripoti ya mradi wako.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Silinda ya chuma ya kukatia sampuli, yenye ncha kali upande mmoja, pamoja na pete yake ya juu na nyundo yake. Ya kawaida ina kipenyo cha ndani cha milimita 100 na urefu wa milimita 130. Kama huna, kipande cha bomba la chuma la inchi 4 kilichonolewa ukingoni kwa nje kitafaa kwa mazoezi, mradi ukipime mwenyewe.
- Mizani mbili: moja ya kubeba kilo kadhaa inayosoma gramu 1, nyingine ndogo inayosoma gramu 0.01. Kwa kipimo cha chembe utahitaji na ya gramu 0.001.
- Vikopo vya unyevu vyenye mfuniko, vyenye namba, na vilivyopimwa vikiwa vitupu. Kopo na mfuniko wake wawe na namba moja.
- Oveni inayoshika nyuzi 105 hadi 110 za Selsiasi bila kuyumba.
- Kalipa, kisu kirefu kilichonyooka, jembe au sururu, na daftari la karatasi. Simu iwe ya kupigia picha ya daftari, isiwe daftari lenyewe.
- Chupa ndogo ya kupimia densiti ya chembe, ya mililita 50, yenye kizibo chenye tundu, maji yaliyotoneshwa, pampu ya kunyonya hewa kama ipo.

Nadharia, kidogo tu

Udongo una vitu vitatu: chembe, maji na hewa. Chora kisanduku kilichogawanywa vyumba vitatu, hewa juu, maji katikati, chembe chini. Kulia kwa kisanduku andika ujazo wa kila chumba, kushoto andika tungamo. Tungamo la hewa ni sifuri. Nafasi wazi ni ujazo wa maji ukijumlisha na wa hewa.

Vitu vinavyotafutwa ni hivi:

- unyevu (w): tungamo la maji kugawa kwa tungamo la chembe kavu
- uwiano wa nafasi wazi (e): ujazo wa nafasi wazi kugawa kwa ujazo wa chembe
- asilimia ya nafasi wazi (n): ujazo wa nafasi wazi kugawa kwa ujazo wote
- kiwango cha kujaa maji (S): ujazo wa maji kugawa kwa ujazo wa nafasi wazi
- densiti linganifu ya chembe (Gs): densiti ya chembe kugawa kwa densiti ya maji

Kuna kanuni nyingine nyingi zimebandikwa ukutani kwenye maabara. Sikushauri uzikariri. Ukijua kukijaza kisanduku, zote unazitoa mwenyewe, na ukisahau moja hupotei. Anayekariri hukwama siku anayopewa swali lililogeuzwa, na saiti maswali hugeuzwa kila siku.

Shika jambo moja: tungamo la chembe kavu halibadiliki. Udongo ukilowa, ukikauka, ukishindiliwa au ukimwagwa kwenye lori, chembe ni zilezile. Ndiyo maana w na e zinagawiwa kwa chembe, na ndiyo maana hesabu yoyote ikikuchanganya, rudi kwenye chembe kavu uanzie hapo.

Hatua za kazi

1. Pima silinda kabla ya kwenda nayo. Usiamini namba iliyochongwa ubavuni. Silinda iliyogongwa kwenye moramu kwa miaka huwa imepinda mdomo na ncha imeliwa. Pima kipenyo cha ndani sehemu tatu juu na tatu chini, na urefu sehemu nne, kisha chukua wastani. Kwa kipenyo cha sentimita 10.0 na urefu wa sentimita 13.0, ujazo ni 3.1416 × 10.0² ÷ 4 × 13.0 = sm³ 1,021. Pima na tungamo la silinda tupu. Kwenye mfano wetu ni gramu 1,186.

Kosa la kawaida hapa ni kupima kipenyo cha nje. Kipenyo kinapigwa kipeo cha pili, kwa hiyo kosa la asilimia 2 kwenye kipenyo ni kosa la asilimia 4 kwenye ujazo, na hilo linatosha kupitisha tabaka bovu au kukataa zuri.

2. Andaa uso. Ondoa nyasi, mizizi na udongo wa juu uliolegea mpaka ufike ule unaoutaka. Sawazisha kwa kisu. Weka silinda, pete juu yake, kisha gonga kwa nyundo ikishuka wima. Acha kugonga udongo unapochungulia kidogo ndani ya pete. Ukiendelea, unashindilia udongo ndani ya silinda na densiti yako itakuwa ya nyundo, si ya ardhi.

3. Chimba pembeni uitoe. Usiizungushe wala kuivuta kwenda juu, maana kiini (udongo uliomo ndani ya silinda) kitakatika chini na kubaki ardhini. Chimba kuizunguka mpaka chini ya ncha, kata, inua pamoja na udongo unaoning'inia, kisha sawazisha ncha zote mbili kwa kisu kilichonyooka. Kama jiwe limeng'oka na kuacha shimo kwenye uso, usilizibe kwa udongo wa pembeni. Chukua sampuli nyingine.

Silinda hii ni ya udongo laini na wa mfinyanzi usio na kokoto. Kwenye changarawe na moramu yenye mawe haifai. Tumia njia ya kumimina mchanga mkavu wa densiti inayojulikana ndani ya shimo ulilochimba. Ujazo wa shimo ni tungamo la mchanga ulioingia kugawa kwa densiti ya mchanga huo. Kuanzia hapo hatua zinazofuata ni zilezile.

4. Pima mara moja. Silinda pamoja na udongo kwenye mfano wetu ni gramu 2,943. Toa silinda: 2,943 − 1,186 = gramu 1,757. Hili ni tungamo la udongo mbichi, chembe na maji kwa pamoja. Kama mizani iko kambini, funga ncha zote mbili vizuri na uweke kivulini. Sampuli iliyofungwa nyuma ya bodaboda kwa saa moja ya jua la Oktoba imeshapoteza unyevu kabla hujaifikisha.

5. Chukua sampuli za unyevu kutoka ndani ya silinda ileile. Sukuma kiini nje, kipasue, chukua vipande vya juu, kati na chini, kila kimoja kwenye kopo lake, gramu 50 hadi 60 hivi. Kuchukua udongo wa pembeni mwa shimo ni uvivu ambao utauona kwenye hatua ya 10.

6. Kausha. Kopo wazi, mfuniko chini yake, nyuzi 105 hadi 110, usiku kucha. Asubuhi toa, funika, acha vipoe ndani ya desiketa (chombo kilichofungwa chenye kikausha unyevu), pima. Rudisha kwa saa 4, pima tena. Kama tofauti ni chini ya asilimia 0.1 ya tungamo la mwanzo, umemaliza. Umeme ukikatika usiku, usihesabu saa za ukutani. Hesabu vipimo viwili vinavyolingana.

Usipime kopo likiwa la moto, kwani joto linapandisha hewa juu ya mizani na namba inashuka. Usiliache wazi lipoe mezani pia, hasa asubuhi za ukungu za Njombe au Tukuyu, kwa maana udongo mkavu wa mfinyanzi hunywa unyevu wa hewani mbele ya macho yako.

7. Kokotoa unyevu. Kopo la kwanza:

- kopo tupu: gramu 24.36
- kopo na udongo mbichi: gramu 86.92
- kopo na udongo mkavu: gramu 76.40
- maji: 86.92 − 76.40 = gramu 10.52
- chembe kavu: 76.40 − 24.36 = gramu 52.04
- unyevu: 10.52 ÷ 52.04 = 0.202, yaani asilimia 20.2

Makopo mengine mawili yametoa 20.0 na 20.5. Wastani ni 20.2. Ukigawa maji kwa udongo mbichi badala ya mkavu utapata 16.8, na hakuna kengele itakayolia, kwa sababu 16.8 nayo inaonekana ni namba ya maana. Katika makosa yote ya wanaoanza hili ndilo linaloongoza, na waliotokea kwenye kilimo ndio wanaolifanya zaidi, kwa kuwa unyevu wa mahindi ghalani huhesabiwa kwa uzito wote.

8. Densiti mbili. Ya udongo mbichi: 1,757 ÷ 1,021 = 1.721 g/sm³. Kavu: gawa hiyo kwa (1 + w). 1.721 ÷ 1.202 = 1.432 g/sm³.

Unagawa, hutoi. Wapo wanaozidisha kwa (1 − w) na kupata 1.373. Wakifanya hivyo kwenye tabaka lililoshindiliwa wanamrudisha mwenye rola kazini bure.

9. Densiti linganifu ya chembe. Wengi huandika 2.65 tu na kusonga mbele. Kwa mchanga safi wa kwatzi siwalaumu. Kwa udongo mwekundu wenye chuma, namba inaweza kupanda. Kwa udongo wenye mboji, inashuka. Ipime ukiweza.

Pima chupa tupu na kizibo chake (m1). Weka gramu 10 hivi za udongo mkavu uliosagwa, pima (m2). Ongeza maji mpaka nusu, toa hewa yote, jaza, ziba, kausha nje, pima (m3). Safisha, jaza maji matupu ya joto lilelile, pima (m4). Kisha:

Gs = (m2 − m1) ÷ [(m4 − m1) − (m3 − m2)]

Mfano: m1 = 28.412, m2 = 38.655, m3 = 84.685, m4 = 78.264. Juu: 10.243. Chini: 49.852 − 46.030 = 3.822. Gs = 2.68.

Kazi yote iko kwenye kutoa hewa. Povu moja lililobaki linahesabiwa kama sehemu ya chembe na Gs inashuka. Hapa kuna jambo la kwetu ambalo huwashangaza wageni: Mbeya mjini tuko takribani mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako kanieneo ya hewa ni kama kilopaskali 83 tu. Geji ya pampu inayoonyesha hasi 80 haijaharibika. Karibu imemaliza kazi, na hakuna hasi 100 ya kusubiri. Kwa sababu hiyohiyo, ukitoa hewa kwa kuchemsha, maji yatatokota kwenye nyuzi 94 hivi. Yanafaa. Kinachotakiwa ni mtokoto, si nyuzi 100. Yaache yapoe kabisa kabla ya kupima m3.

10. Jaza kisanduku. Anza na chembe, kama kawaida.

- tungamo la chembe: 1,757 ÷ 1.202 = gramu 1,461.7
- tungamo la maji: 1,757 − 1,461.7 = gramu 295.3
- ujazo wa chembe: 1,461.7 ÷ 2.68 = sm³ 545.4
- ujazo wa maji: sm³ 295.3 (gramu moja ya maji ni sm³ moja)
- nafasi wazi: 1,021 − 545.4 = sm³ 475.6
- hewa: 475.6 − 295.3 = sm³ 180.3

Sasa majibu yanajitoa yenyewe:

- e = 475.6 ÷ 545.4 = 0.872
- n = 475.6 ÷ 1,021 = 0.466, yaani asilimia 46.6
- S = 295.3 ÷ 475.6 = 0.621, yaani asilimia 62.1

Hakiki kabla hujafunga daftari: S × e lazima ilingane na w × Gs. 0.621 × 0.872 = 0.542. 0.202 × 2.68 = 0.541. Zinalingana, tofauti ni ya kukata desimali. Zikiachana kwenye tarakimu ya pili umekosea kugawa mahali. Lakini hakiki hii inashika makosa ya hesabu tu. Kama unyevu ulitoka kwenye udongo wa pembeni mwa shimo, itakubali kwa furaha na majibu yatakuwa ya uongo.

11. Geuza kuwa uzito, kama mhandisi wa misingi anahitaji. Mizani inatoa tungamo. Nguvu inayokandamiza msingi ni uzito. Zidisha g/sm³ kwa 9.81 upate kN/m³ (kilonewtoni kwa mita ya ujazo):

- mbichi: 1.721 × 9.81 = 16.88 kN/m³
- kavu: 1.432 × 9.81 = 14.05 kN/m³
- ukijaa maji: (1,461.7 + 475.6) ÷ 1,021 = 1.897 g/sm³, yaani 18.61 kN/m³
- ukiwa chini ya usawa wa maji ya ardhini: 18.61 − 9.81 = 8.80 kN/m³

Mstari wa mwisho uangalie mara mbili. Udongo uleule unapozama unabaki na nusu tu ya mzigo wake kwenye mfupa wa chembe. Kwenye miteremko inayopokea mvua za Machi na Aprili, hiyo ndiyo namba ya kuulizia kwanza.

Swali la tripu na bauza (lori la maji)

Hili halimo kwenye zoezi la darasani, ila ndilo litakalokuletea heshima saiti.

Unataka kujenga tuta la m³ 600 lililoshindiliwa mpaka densiti kavu ya 1.65 t/m³. Kifusi kinatoka kwenye machimbo yetu ya udongo mwekundu, densiti kavu 1.432 ikiwa bado ardhini. Kikishamwagwa kwenye lori kinalegea. Tuseme umepima ukapata densiti kavu ya 1.20. Ipime kweli, usiikisie: jaza ndoo ya ujazo unaojulikana bila kushindilia.

Chembe kavu zinazohitajika tuta likikamilika: 600 × 1.65 = tani 990. Tani hizo 990 ni zilezile shimoni, kwenye lori na kwenye tuta. Basi:

- shimoni utachimba 990 ÷ 1.432 = m³ 691
- kwenye malori zitakuwa 990 ÷ 1.20 = m³ 825
- kwa lori la m³ 15, tripu 55

Aliyegawa 600 kwa 15 aliagiza tripu 40, na tuta litaishia njiani.

Maji sasa. Maabara imesema udongo huu unashindilika vizuri kwenye unyevu wa asilimia 20, na kiangazi kimeukausha mpaka 14. Pungufu ni 6. Asilimia 6 ya nini? Ya chembe kavu: 990 × 0.06 = tani 59.4, yaani lita 59,400. Bauza la lita 10,000 litakwenda mara 6. Ukizidisha kwa tungamo la udongo mbichi (990 × 1.14 = tani 1,128.6) utapata lita 67,700 hivi, karibu bauza zima la ziada, na tope utakalolipata rola itateleza juu yake. Ongeza kiasi cha kufidia jua na upepo. Upepo wa mchana Makambako si wa kupuuza.

Tabaka likishashindiliwa, rudia hatua ya 1 mpaka ya 8. Kama densiti kavu ya juu kabisa ya maabara (ile inayoandikwa MDD) ni 1.72 na umepata 1.65, umefika asilimia 95.9. Mkataba ukidai 95, limepita.

Udongo ambao haufuati kitabu

Majivu ya volkano, kuanzia Uyole kuelekea Tukuyu. Mlima Rungwe ulimwaga pumisi (jiwe povu) nyingi miaka 4,000 hivi iliyopita, na volkano jirani za Ngozi na Kiejo nazo zina mchango wake. Udongo uliotokana na majivu hayo una matundu madogo mengi ajabu. Densiti kavu chini ya 0.9 g/sm³ ni kawaida kwa udongo wa jamii hii, na unyevu kupita asilimia 100 hauna ajabu yoyote. Kumbuka tunagawa kwa chembe kavu, kwa hiyo asilimia 112 maana yake maji yana tungamo kubwa kuliko chembe, basi. Mfano: kopo 22.10, mbichi 71.54, kavu 45.42. Maji 26.12, chembe 23.32, w = asilimia 112. Kama umejaa maji kabisa na Gs ni 2.60, e = 1.12 × 2.60 = 2.91, na densiti kavu ni 2.60 ÷ 3.91 = 0.66. Usiifute. Ndivyo ulivyo.

Tatizo la kweli ni oveni. Madini ya udongo huu hushikilia maji ndani ya muundo wake, na nyuzi 105 huyatoa hayo pia. Maji ya namna hiyo hayalainishi udongo wala hayatiririki, kwa hiyo hayapaswi kuhesabiwa kama unyevu. Kausha sampuli pacha: moja nyuzi 105, nyingine nyuzi 50 mpaka tungamo litulie (vumilia, ni siku kadhaa). Tofauti ikifika asilimia 4 hadi 6 au kuzidi, maji ya muundo yapo. Tumia ya nyuzi 50 na uandike hivyo kwenye ripoti. Tuseme pacha wa yule wa 112 ametoa 101. Basi unyevu wako ni 101, na tungamo la chembe lifuate hiyo kote kwenye kisanduku.

Vilevile usianike udongo huu juani kabla ya vipimo vingine eti upate kuchekecheka. Ukishakauka haurudi kuwa ulivyokuwa hata uuloweke wiki nzima.

Pumisi yenyewe ina vishimo vilivyofungwa ambavyo maji hayaingii. Gs ya punje nzima itakuwa chini, ya unga uliosagwa itakuwa juu, na zote mbili ni za kweli. Taja ukubwa wa punje ulizotumia.

Udongo wa mabondeni kwenye vinyungu (bustani za bondeni), Iringa na Njombe, ule mweusi unaonuka mboji: nyuzi 105 huunguza mboji na unaihesabu kama maji. Tumia nyuzi 60. Kukaanga kwenye kikaango juu ya jiko la mkaa, njia ya haraka wanayoipenda saiti, hapa usiiguse kabisa.

Mfinyanzi mweusi wa bonde la Usangu huvimba na kusinyaa. Ujazo wenyewe unabadilika na unyevu, kwa hiyo e ya Februari si e ya Septemba. Tarehe na unyevu viandikwe pembeni ya kila densiti. Kiangazi umepasuka na silinda haiingii bila kuuvunja. Chukua bonge zima, lipake nta, lipime hewani na likining'inia majini.

Mambo yakienda kombo

*S imezidi 100.* Ikiwa 101 au 102, ni usumbufu wa vipimo, andika 100. Ikiwa 108, kuna kosa. Angalia ujazo wa silinda kwanza, kisha Gs, kisha kama unyevu ulitoka kwenye kiini chenyewe. Gs hubeba lawama nyingi: kwenye mfano wetu, kuandika 2.60 badala ya 2.68 kunapandisha S kutoka 62.1 hadi 64.4. Kwa udongo uliokaribia kujaa, kosa la namna hiyo ndilo linaloleta hewa hasi.

*Densiti kavu ni kubwa kuliko ya mbichi.* Umezidisha pale pa kugawa.

*Makopo matatu yametofautiana, mfano 17, 20 na 26.* Usichukue wastani. Au mifuniko imebadilishana, au oveni ina kona ya baridi, au sampuli kweli ina matabaka. Angalia kiini chenyewe kama rangi inabadilika kutoka juu kwenda chini.

*Gs imetoka 2.3 kwa udongo mwekundu.* Hewa imebaki kwenye chupa. Rudia, toa hewa mpaka mapovu yaishe ukitikisa taratibu. Ikirudia kwa udongo wa bondeni, huenda ni mboji na namba ni sahihi.

*e na n zimelingana, au n ni kubwa kuliko e.* Haiwezekani kwa udongo. n ni e ÷ (1 + e), daima ndogo. Umegawa moja yao kwa ujazo usio wake.

*Densiti imetoka 0.0017 au 1,721.* Vipimo vimechanganyika. g/sm³ na t/m³ ni namba moja. Kg/m³ ni mara 1,000 yake.

*Mkandarasi anabisha namba zako.* Mpe karatasi yenye tungamo ulizosoma kwenye mizani, si majibu peke yake. Na usimwage kiini kilichobaki mpaka ripoti isainiwe. Kifunge, kiandike namba ya shimo na kina, kiweke mahali pasipo na jua.